Mwaka Nilipoanzisha Nyimbo Chini Mno

Wadogo zangu mnaokuja kujitolea baada yangu,

Nimestaafu kufundisha muziki nikiwa na miaka ishirini na tisa. Walimu wenzangu walinipikia pilau, wakanikalisha kwenye kiti kilichotandikwa kitenge, na mwalimu wa sayansi akasimama na soda yake kunitakia uzee mwema. "Mzee wetu," alisema, "umelitumikia taifa. Nenda kapumzike sasa, ucheze na wajukuu." Sina hata mtoto. Nimepata ajira tu, wilaya ya mbali, na huko nitafundisha hisabati darasa la sita na la saba. Hakuna atakayeniomba nimpe do ya kuanzia wimbo.

Mwalimu mkuu ameniomba nimwachie atakayenirithi maelekezo ya kipindi cha muziki kwa Darasa la Kwanza na la Pili. Nimeyaandika mara nne na kuyachana mara nne. Mara ya kwanza mwandiko haukunipendeza. Mara ya pili nilikosea namba za kurasa. Mara ya tatu na ya nne kila kitu kilikaa sawa, lakini nilipoyasoma nikaona ni uongo, kwa sababu yalimwonyesha mwalimu aliyejua alichokuwa akifanya. Kwa hiyo leo naandika moja kwa moja, bila kurudi nyuma kufuta, nikiwasimulia mwaka wangu wa kwanza. Mkishausoma huo, mengine mtayaona wenyewe.

Mjue kwanza kwamba sikusomea muziki. Chuoni nilisomea ualimu wa kawaida. Muziki nilijifundisha. Kwaya yetu kule Nakwa ilikuwa na kinanda kimoja, kinanda kilifungiwa kabatini, na ufunguo ulikaa kwa mtu ambaye hakuniamini. Nikachukua boksi la sabuni, nikalikunjua, nikachora vibonye vyote vyeupe na vyeusi kwa rula, nikawa nafanya mazoezi juu ya meza ya chakula. Miezi minane nilipiga kinanda kisichotoa sauti. Nilikipenda sana. Hakikuwahi kunionyesha kosa langu hata moja.

Nota nazo nilizijua kwa kuvizia. Kwenye kwaya nilisimama sauti ya nne, yaani besi, nyuma ya mzee mmoja mwenye kifua kama pipa. Kila alipopeleka kidole kwenye karatasi, macho yangu yalikwenda nacho. Alipoingia, niliingia. Alipokohoa kusafisha koo, nilikohoa. Shikeni hilo la sauti ya nne, maana ndiko tatizo lilikotokea.

Nilipofika kujitolea pale shuleni Bagara, mjini Babati, mwalimu mkuu aliuliza kikaoni nani anajua kuimba. Mkono wangu ulipanda kabla mimi mwenyewe sijaamua. Nikapewa watoto sitini na wawili wa Darasa la Kwanza, na somo ambalo nililijua kwa kiasi cha boksi la sabuni.

Nilikuwa na woga wa kuumbuka, na dawa yangu ya woga ni kuandaa. Andalio langu la kwanza lilikuwa na kurasa sita. Dakika tatu, salamu. Dakika saba, kupasha sauti. Dakika kumi, kugawa sauti nne. Ndiyo, mmesoma vizuri. Nilipanga kuwagawa watoto wa miaka sita katika sauti nne, kama kwaya ya watu wazima inayokwenda mashindanoni.

Salamu peke yake ilichukua dakika kumi na tisa.

"Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba. Kaeni. Leo tutaanza..."

"Mwalimu, Baraka amekunywa maji yangu!"

"Mwongo huyo, mwalimu, yalimwagika mdomoni!"

"Mwalimu, mimi jino langu limetoka. Nimelileta. Hili hapa."

Nilisimama na kurasa zangu sita, jino la mtu mkononi, nikatafuta mahali lilipoandikwa. Halikuandikwa.

Darasa lile lilikuwa la Mama Neema. Huyu ndiye mwalimu aliyenifunza kazi, ingawa nota hata moja haijui na hataki kuijua. Amefundisha Darasa la Kwanza tangu mimi mwenyewe nikiwa la kwanza. Alikuwa amekaa nyuma akisahihisha madaftari ya kuhesabu, na kengele ilipolia aliniuliza, "Sasa mwalimu, hizo karatasi ni za leo tu au za mpaka Krismasi?"

"Za leo, mama."

"Basi ongeza ya saba, uandike pale: meno."

Niliandika kweli. Bado ninayo.

Nisiwachoshe na makosa yote, ila la kayamba lazima niliseme kwa kuwa litawakuta. Nilijaza mbaazi kwenye chupa tupu za maji, moja kwa kila mtoto, ziwe za kutingisha. Nikagawa kwanza, kisha nikaanza kueleza. Wadogo zangu, ukimpa mtoto kitu kinacholia, umemaliza kusema. Mama Neema alifunga madirisha ili darasa la tatu waendelee kusoma. Eleza kwanza, gawa mwisho, na kusanya kabla wimbo haujaisha. Siku ya pili yake nilikuta chupa tatu tupu. Nilipouliza, mtoto mmoja alinijibu kwa heshima zote, "Mama ametusalimia, mwalimu. Amesema zimeiva haraka." Tangu hapo natumia kokoto.

Lingine lilinichukua wiki kadhaa kuligundua. Kila nilipotaka kuanzisha wimbo nilikuwa nakohoa kidogo, "ehem," nikipandisha mabega, kama yule mzee wa besi. Watoto wakadhani ni sehemu ya wimbo. Mimi nilifanya "ehem," watoto sitini na wawili wakafanya "ehem" na mabega yao, ndipo wimbo ukaanza. Nje ya darasa nilikuwa Mwalimu Ehem. Hata mlinzi wa geti aliniita hivyo, akidhani ni jina la ukoo.

Sasa nifike kwa Yasinta, kwa sababu mengine yote nimeyazungukia ili nichelewe kumfikia.

Yasinta alikaa dawati la mbele upande wa dirisha, mwenye sweta la kijani lililomzidi mikono. Alikuwa anatoka upande wa Mutuka, na alikuja shuleni na dada yake wa darasa la tano. Baba yake alitoka na ng'ombe tambarare za Hanang akaja kulima mahindi, lakini ng'ombe hakuwaacha. Nyumbani walisema Kibarabaig. Mwezi wa kwanza Yasinta alikuwa na maneno machache sana ya Kiswahili, akawa anayakusanya kwa njia yake, kwa kuiga. Ukimwambia "kaa chini," alikaa, na yeye akasema "kaa chini," kwa sauti ile ile uliyotumia wewe, na ukali ule ule. Wenzake walimcheka, naye akacheka walivyocheka.

Mwezi wa tano tulitangaziwa kwamba afisa elimu wa kata atapita, na mwalimu mkuu akataka Darasa la Kwanza wamwimbie. Sikulala vizuri wiki nzima. Kwenye mazoezi nikaanza kusikia kitu chini ya wimbo, mvumo mzito, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Nikapita mstari kwa mstari, nimeinamisha sikio midomoni mwao. Nikafika dirishani. Ulikuwa unatoka ndani ya sweta la kijani.

"Jina lako nani vile?"

"Yasinta."

"Yasinta, wewe wakiimba fungua mdomo tu. Sauti usitoe. Hivi." Nikamwonyesha, nikicheza midomo bila sauti. "Umeelewa?"

"Umeelewa," akanijibu.

Sikupiga kelele. Sikumpiga. Nilisema kwa upole, hata nikamgusa kichwa. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba lilikuwa jambo baya. Wimbo ukawa safi. Afisa alipiga makofi, akauliza mwalimu wa muziki amesomea chuo gani, nami nikatabasamu kama mtu asiyesikia swali. Tukafunga shule. Likizo ile ya mwezi wa sita nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu nianze kazi.

Tulipofungua, wiki ya kwanza, mama yake Yasinta alinifuata nje ya ofisi. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapuliza kutoka mlima Kwaraa na wote wawili tulikuwa tumejifunga, yeye mgolole, mimi koti la kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya Yasinta. Koo lake."

"Lina nini?"

"Huyu alikuwa anaimbia ndama. Asubuhi nikikamua, yeye anamshika ndama pembeni, anamwimbia ili atulie. Tangu mdogo, hata kabla hajajua kusema vizuri. Sasa anamshika, anafungua mdomo hivi..." Akafungua wa kwake, midomo ikacheza. "Hakuna kitu. Anaongea, anacheka, lakini kuimba, midomo tu. Likizo yote. Tumempeleka zahanati, wamemmulika na tochi, wanasema koo zima. Bibi yake akampa mizizi, akatapika. Nikasema nikuulize wewe unayeshinda naye."

Hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Nilijua papo hapo. Nilijua kabla hajamaliza kuchezesha midomo. Nami nikasema, "Ni baridi hii, mama. Mwezi wa nane itaisha."

"Kumbe ni baridi. Asante mwalimu. Mungu akubariki." Akaondoka.

Amenibariki, nikawaza, na mtoto wake kanywa mizizi kwa ajili yangu.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilikuwa nikimtazama Yasinta dirishani wakati wenzake wanaimba: "ehem" ya mabega bila mlio, kisha midomo ikicheza kwa bidii, bila kukosa hata neno moja. Hakuonekana mwenye huzuni. Alikuwa anafanya kazi aliyopewa, na aliifanya kikamilifu. Mimi ni mtu wa kutaka mambo yawe kamili, nikaona nimempata mwenzangu, nikatamani kulia. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba sauti ya mtoto ni kitu kinachoweza kufungwa mara moja kisifunguke tena, na kwamba mimi, kwa ajili ya afisa aliyekaa robo saa, nimeifunga.

Siku ya tatu nilimkuta Mama Neema stoo akifunga majalada ya vitabu.

"Mama Neema, nimefanya kosa."

"Umevunja nini?"

Nikamweleza lote, hadi la baridi. Aliendelea kukunja jalada hadi kona zikakaa sawa, ndipo akaniangalia.

"Kwa hiyo ndama wa Mutuka wamekosa mwimbaji kwa sababu ya afisa wa kata."

"Mama, usinitanie."

"Sikutanii. Nakuhesabia. Ulimwambia afunge sauti, si ndiyo? Nenda kamwambie aifungue."

"Akikataa?"

"Yule hajui kukataa. Ila usidhani atakuelewa mara moja. Wewe ulimwonyesha kwa mdomo wako. Kuonyeshwa ndiko anakoelewa, maneno bado anayatafuta. Na yule mama mwambie ukweli."

"Nitamwambia mtoto akishapona."

"Aa. Unataka uende na matokeo mazuri." Akacheka kidogo. "Mwalimu wewe, ungekuwa mgonjwa ungesubiri upone ndipo uende hospitali."

Nikarudi darasani, nikachuchumaa mbele ya dawati la Yasinta. "Yasinta, mimi nilikosea. Naomba unisamehe. Sasa ukiimba, toa sauti."

"Toa sauti," akasema, kwa ile sauti yangu ya kubembeleza, mpaka kichwa akakilaza kama mimi.

Nikaanzisha wimbo. Midomo ikacheza. Hakuna kitu.

Wiki iliyofuata baridi niliyomsingizia ikanikuta mwenyewe. Niliamka sauti imekwenda, nikitaka kusema napuliza tu. Nikaandika ubaoni kumwomba Mama Neema aanzishe wimbo badala yangu. Akasimama, akaunyanyua tu kutoka pale anapoanzia kuita watoto wake waje kula, juu kabisa, bila do wala ehem. Nikakunja uso. Nikasema moyoni, watashindwa kufika huko.

Walifika wote. Darasa langu, lililokuwa likiimba kwa kukamua kama watu wanaosukuma gari lililokwama, liliruka. Walikuwa wanaimba wakitabasamu. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu, koo linauma, nikisikia watoto ambao sijawahi kuwasikia.

Kwenye simu nilikuwa na rekodi ya mazoezi ya mwezi wa tano, kabla sijamnyamazisha Yasinta. Mapumziko nikakaa kwenye ngazi ya tangi la maji, nikaiweka sikioni. Mwanzo ni sauti yangu nikiwapa pa kuanzia, nzito, ya shimoni, sauti ya nne kabisa. Kisha watoto wakaingia, kila mmoja anahangaika: wengine wanaruka juu yangu, wengine wanabaki katikati ambako hakuna kitu. Na chini yao ule mvumo. Nikarudia. Nikarudia tena. Mvumo ule ulikuwa umelala sawasawa na sauti yangu, nota kwa nota, bila kupungua wala kuzidi. Mtoto wa miaka sita alikuwa amejishusha hadi mwisho wa koo lake anifuate nilipo.

Hakuwa amekosea. Katika darasa zima, pamoja na mwalimu, alikuwa peke yake ambaye hakukosea.

Kwa hiyo andikeni hili mbele ya yote, hasa nyinyi wavulana wenye besi. Usianzishe wimbo wa watoto pale unapojisikia vizuri wewe. Nenda nje wakati wa mapumziko, usikilize wanavyoitana uwanjani. "Ba-ra-kaaa! Njo-ooo!" Pale jina linapopanda na kushuka, pale ndipo wanapokaa. Anzia hapo. Ukiona huwezi kufika, mwombe mtoto mmoja akuanzishie. Hutapungukiwa kitu.

Hilo lilitibu darasa, lakini Yasinta bado. Nikarudi kwa Mama Neema, sauti imerudi nusu.

"Unawafundishaje juu na chini?" nikamuuliza.

"Kwa wanyama. Hapa si kuna ziwa? Nani hajui kiboko?"

Kweli, kila mtoto wa Babati ana kiboko wake, hata asiyefika ziwani ana mjomba aliyekimbizwa. Nikatunga wimbo jioni ile, na kwa mara ya kwanza sikuufuta:

*Chiriku, chiriku, unafanya nini?*
*Nabembea mtini, upepo wavuma.*
*Kiboko, kiboko, unafanya nini?*
*Nalala majini, jua linachoma.*

Chiriku anaimba juu, kiboko chini. Ila kabla ya kuuimba niliweka mchezo. Mama Neema alisema Yasinta anaelewa anachoonyeshwa, nami kitu cha mwisho nilichomwonyesha ni mdomo wazi bila sauti. Nikaona nianzie hapo hapo. Nikawaambia kiboko akitoka majini kwanza anapiga miayo. Wote tukafungua midomo hadi mwisho, kimya, mimi mwenyewe mbele yao nikiwa nimeacha mdomo wazi kama mlango. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, Yasinta alikuwa anafanya kile kile wanachofanya wote. Akageuka kuwatazama, akashangaa. Halafu nikasema, sasa kiboko anacheka. "Hoh, hoh, hoh!" Mabega, tumbo, sauti.

Siku ya kwanza alipiga miayo tu. Wiki ya kwanza, miayo. Wiki ya pili alianza kutingisha mabega ya kicheko, bila mlio. Nilitamani kumsogelea, kumwambia haya, bado kidogo. Mama Neema, kule nyuma, alinitikisia kichwa: mwache. Kwa mtu kama mimi kumwacha mtu ni kazi ngumu kuliko kumsaidia. Nilishika chaki mbili, moja kila mkono, ili mikono iwe na shughuli.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, katikati ya kicheko cha kiboko, Baraka aliyekaa naye dawati moja akaruka juu.

"Mwalimu! Mwalimu! Yasinta ametoa!"

"Ametoa nini?"

"Sauti! Mimi nimesikia! Imenipiga sikioni!"

Darasa lote likageuka. Yasinta akawatazama, akanitazama mimi. Nikajua nikionyesha uso usiofaa hapa nimeharibu yote. Nikafungua mdomo, nikapiga miayo ya kiboko, nikacheka. "Hoh, hoh, hoh." Naye akajibu, na ilikuwa ile ile, nzito, ya shimoni, niliyoipiga marufuku. Watoto walishangilia. Hakuna aliyekuwa kiboko kama yeye. Baraka alisema huyu amekula kiboko mzima.

Nikaomba ruhusa nikaenda chooni, si kwa haja yoyote. Nilisimama humo nikapumua tu.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Mutuka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayarekebisha, nayapanga upya, na nilipofika yote yakanitoka, nikamwambia mama yake pale pale mlangoni, "Mama, haikuwa baridi. Ni mimi nilimwambia asitoe sauti. Na ulipokuja kuniuliza nilikudanganya."

Akamgeukia bibi yake Yasinta, aliyekaa kwenye kigoda, akamwambia kwa Kibarabaig, maneno mengi kuliko niliyosema mimi. Bibi alinitazama toka viatuni hadi kichwani. Akauliza kitu. Mama Yasinta akaziba mdomo kwa mgolole.

"Anauliza nini?" nikasema.

"Anauliza na wewe tukupe ile mizizi."

Nikasema kama ni haki yangu, nitakunywa. Alipotafsiriwa, bibi alicheka hadi akafuta macho, akasema niletewe maziwa. Nikayanywa kibuyu kizima, sikuacha tone. Mama Yasinta alikaa mbele yangu akanisubiri nimalize.

"Mwalimu, kukosea kila mtu anakosea. Lakini juu ya mtoto usinidanganye tena."

"Sitarudia, mama."

"Haya. Na sasa ameanza kuimba, Jumatano ameimba. Ila anawaimbia kama kiboko. Ndama wanashtuka, wanakata kamba."

"Chiriku anakuja," nikamwambia. "Mpe wiki moja."

Alikuja ndani ya siku nne. Nilikuwa nimeanza kuita mahudhurio kwa kuimba, nao wanajibu kwa kuimba, njia nzuri sana, itumieni, utamsikia kila mtoto peke yake bila kumwogopesha. Nikaita "Yasinta-a?" kwa sauti ya juu niliyoazima uwanjani, ikipasuka kidogo kama kawaida yake. Akajibu "Niko hapa-a," juu, pale pale, pamoja na ule mpasuko wangu. Nikaendelea na jina linalofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye daftari la mahudhurio la siku ile wino umetambaa kwenye jina lake. Ni mimi.

Siku ya wazazi ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Turubai, viti vya plastiki, mawingu ya mvua yamejikusanya. Afisa wa kata mbele, Mama Neema pembeni yake, na mstari wa pili mama yake Yasinta na yule bibi, ambaye aliponiona alijigusa koo na kuniinamia kichwa. Nilikuwa nimefanya kila kitu. Nilikuwa nimejiandikia kwenye kiganja, kwa kalamu: JUU.

Nikasimama mbele ya watoto wangu sitini na wawili. "Ehem," nikafanya. "Ehem!" wakafanya wote na mabega yao. Wazazi wakaangua kicheko, na kicheko kile kikanitoa akili. Nikatoa sauti ya kuanzia, na kabla haijamaliza kutoka nilijua imetoka wapi. Ilitoka Nakwa, kifuani kwa yule mzee wa besi.

Hakuna aliyeingia. Walinitazama. Nami niliwatazama, kiganja kimelowa jasho na wino, nikitafuta ile sauti nyingine nisiione popote.

"Mwalimu," akasema Yasinta kutoka mstari wa mbele, kwa Kiswahili kilichonyooka na sauti iliyofika hadi getini, "hiyo ni ya kiboko. Tunaanza na chiriku."

Watu walicheka hadi turubai likatikisika. Nilisikia Mama Neema akisema, "Msikilize mwenzako, mwalimu!"

Yasinta hakusubiri. Aliwageukia wenzake, akapandisha mabega ndani ya sweta la kijani, akafanya "ehem" yangu, haikukosa kitu, kisha akawapa pa kuanzia. Palikuwa juu, safi, mahali ambapo mimi sijawahi kufika wala sitafika. Wakaingia wote kwa pamoja.

Nami nilibaki mbele yao, mgongo kwa wazazi, nikiwafuata kwa maneno ili asisahau mtu. Wimbo wote, kuanzia chiriku hadi kiboko, nilifungua mdomo tu. Sauti sikutoa.